Upasuaji wa dharura baada ya vali ya katheta: amueni kabla ya siku yenyewe

Mimi ni muuguzi wa chumba cha katheta, tunapowawekea wagonjwa vali mpya ya moyo kwa mrija mwembamba (katheta) unaopitishwa kwenye mshipa wa damu, bila kupasua kifua. Ninalowasisitizia wagonjwa na ndugu zao ni hili: swali la kama apasuliwe kifua ikitokea dharura lijibiwe mgonjwa mwenyewe akiwa macho na ana nafasi ya kuuliza. Mambo yakiharibika, tuna dakika chache tu. Hakuna wa kuwapigia simu mshauriane.

Dharura hiyo ni nadra. Vali ikipitishwa kwenye mshipa wa paja, huwapata chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Lakini ni nzito: katika takwimu za Ulaya za 2013 hadi 2016, karibu nusu ya waliopasuliwa kwa dharura walifia hospitalini.

Anzeni kwa kumuuliza daktari wa moyo: "Kwenye picha za CT za huyu mgonjwa, wewe unahofia nini?" Daktari mzuri atawajibu kwa mambo ya mgonjwa wenu, si ya wagonjwa wote. Huenda pete ya vali, yaani mduara ambamo vali hukaa, imejaa chokaa na inaweza kuchanika puto la kutanulia vali likijazwa. Huenda mishipa inayolisha moyo imeanzia chini mno, vali ya zamani ikisukumwa pembeni iizibe. Waya wa kuongozea nao unaweza kutoboa moyo, damu ikajaa kwenye mfuko wake na kuubana.

Si kila ajali huishia kwenye kisu. Damu iliyoubana moyo mara nyingi hutolewa kwa sindano na mrija, na dawa iitwayo protamini huondoa nguvu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Vali iliyohama pengine huwekewa nyingine juu yake. Pete iliyochanika, aota (mshipa mkuu utokao moyoni) iliyopasuka au vali iliyoangukia ndani ya moyo, hapo kwa kawaida huitwa mpasuaji: hukata mfupa wa kidari na kumweka mgonjwa kwenye mashine ya moyo na mapafu.

Kwa hiyo ulizeni pia: mpasuaji atakuwa jengoni? Mashine itakuwa tayari? Damu ya kundi lake imeshaandaliwa?

Kisha amueni. Wengi huwekewa vali hii kwa sababu kifua chao hakistahimili kisu, na mzee mwenye mapafu na figo dhaifu akikataa kupasuliwa, namheshimu kwa moyo wote. Ila akatae kwa kutenganisha: kukataa kupasuliwa kifua si kukataa sindano ya kutoa damu. Yote mawili yaandikwe kwenye faili, na timu nzima isomewe kabla ya kuanza.

Hatari haiishi vali ikishakaa. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kuzirai katika saa na siku zinazofuata, mwiteni muuguzi papo hapo. Mkiwa nyumbani, nendeni kitengo cha dharura mkiwa na kadi ya vali na orodha ya dawa zake, hasa za kuzuia damu kuganda.