Kurudi kwenye basi baada ya Kitonga

Breki za basi letu zilikataa tukishuka mlima Kitonga, barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Dereva akaliegemeza ubavuni mwa mlima, tukapona wote. Tangu siku ile, harufu ya breki zinazoungua ilitosha kunilegeza magoti, hata nikiwa nasuka nywele kwangu Iringa na lori likipita zake. Nami nauza nyanya. Nisipopanda basi, nyumbani hakuliki.

Kilichonisaidia kwanza ni kuelewa. Penye hatari mwili humwaga adrenalini, homoni ya kujihami, na ndani ya ubongo noradrenalini, kemikali ndugu yake, hupanda. Hapo amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi, huifunga kumbukumbu kwa kamba ngumu kama tenga la safari ndefu: harufu, mlio, mteremko, vyote pamoja. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata baada ya dakika kadhaa na kukazia. Ndiyo maana sikumbuki nilikula nini asubuhi ile, ila harufu haijatoka. Si pepo wala si uoga wa kuzaliwa.

Siku za mwanzo kaa na watu wako, kula, lala. Usikubali kumsimulia upya kila anayekuja kukupa pole. Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani.

Kisha irudie hofu hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi. Nilianza kwa kusimama tu stendi ya Igumbilo, injini zikinguruma. Moyo ulidunda, nikabaki. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunakimbia hofu ikiwa kileleni, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikotuokoa. Baki mpaka ishuke yenyewe. Baadaye nikakaa ndani ya basi lililosimama, nikaenda Ilula, kabla ya kufika Kitonga, na kurudi, mara sita. Kitonga niliiacha mwisho, kwanza na shangazi, halafu peke yangu.

Badilisha mabasi, viti na saa. Kumbukumbu mpya ya usalama haifuti ya zamani. Huishi kando yake, na hushika zaidi pale ilipozaliwa. Nilizoea kiti cha mbele asubuhi. Nilipokaa nyuma jioni, hofu ikarudi mbichi, ikabidi nianze tena Ilula, kwa kiti cha nyuma.

Mwezi ukipita na bado unashtuka usingizini, nenda kwa wataalamu wa afya ya akili hospitali ya mkoa.

Wiki iliyopita lori lilitutangulia Kitonga, breki zikinuka. Moyo ulishtuka. Nikaacha dirisha wazi mpaka Ruaha Mbuyuni.