Ufa kwenye manifoldi ya lori: jinsi ya kuutambua na kuushughulikia

Lori linalopanda mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, likiwa na mzigo kamili hutembea kwa gia ndogo kwa muda mrefu huku injini ikichoma karibu dizeli yote inayoweza kupokea, na moshi unaotoka kwenye silinda huweza kufikia nyuzi joto 600 na zaidi za Selsiasi kabla haujaingia kwenye tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini. Kinachopokea joto hilo kwanza ni manifoldi, yaani kipande cha chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye tabo. Gari likishafika juu, dereva huegesha Ilula ili apate chakula, huzima injini papo hapo, na chuma kilichokuwa kikikaribia wekundu huanza kupoa ghafla. Mwendo huo ukirudiwa Inyala, ukirudiwa tena kati ya Mbalizi na Tunduma, na kuendelea hivyo kwa miaka, manifoldi hupasuka.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Manifoldi ya injini ya silinda sita yenye urefu wa sentimita 80, ikipashwa moto wa nyuzi 400 zaidi ya ule wa asubuhi, hurefuka kwa takriban milimita 4. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda ambacho manifoldi hiyo imefungwa kwacho, hupozwa na maji, kwa hiyo hurefuka kwa chini ya milimita moja. Tofauti hiyo ya milimita tatu ni lazima ipate pa kwenda. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoboa matundu ya bolti za pembeni yakiwa mapana kuliko bolti zenyewe, na kwenye injini kubwa hugawa manifoldi vipande viwili au vitatu vinavyoingiliana kwa viungo vya kuteleza. Viungo hivyo vikiganda kwa masizi na kutu, au bolti za pembeni zikikazwa kupita kiasi, chuma hukosa nafasi ya kutembea na hujipasua chenyewe.

Ninasisitiza jambo hili mapema kwa sababu mafundi wengi hubadilisha manifoldi, hupokea malipo, na gari hurudi likiwa na ufa mahali pale pale. Ufa ni matokeo. Anayeushughulikia bila kutafuta kilichouleta anamwandalia mwenye gari gharama ya pili.

Kuutambua

Ishara ya kwanza kwa kawaida ni sauti ya "tiki tiki" inayofuata mwendo wa injini, ambayo husikika zaidi injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi na hupungua au kutoweka kabisa inapopata moto, kwa kuwa chuma kikitanuka hubana ufa. Dereva akiisikia Makambako saa kumi na moja alfajiri na kuikosa saa mbili baadaye, asidhani gari limejiponya.

Sauti hiyo huwachanganya wengi, kwani tapeti (kisukuma vali) iliyolegea na nozeli (kinyunyizia dizeli) inayogonga hutoa mlio unaokaribiana nayo. Tofauti huonekana injini inapobebeshwa kazi. Mlio wa tapeti haubadiliki sana kwa mzigo, ilhali mlio wa kuvuja huongezeka dereva anapokanyaga mafuta mlimani, na huongezeka tena anapotumia breki ya ekzosi kwenye mteremko, kwa sababu breki hiyo huziba njia ya moshi na kupandisha shinikizo ndani ya manifoldi. Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi huweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta: mlio ukikoma au kupungua, silinda husika imejulikana, na kinachobaki ni kuamua kama ni nozeli au ni uvujaji; mlio usipobadilika, aelekeze macho kwenye tapeti. Njia hii isitumiwe kamwe kwenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja la dizeli yenye shinikizo kubwa. Shinikizo la dizeli kwenye mabomba yake hufikia na kupita baa 1,600, na mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo kwa nje lakini huhitaji upasuaji wa haraka.

Ishara nyingine ni nguvu kupungua mlimani, moshi mweusi kuongezeka na dizeli kuisha upesi. Tabo huzungushwa na moshi wenye joto na shinikizo. Moshi huo ukitoroka kabla ya kuifikia, tabo husukuma hewa pungufu, dizeli haichomwi yote, na joto la ekzosi huzidi kupanda, jambo linalorefusha ufa. Uvujaji ulio baada ya tabo huleta kelele na harufu lakini hauibi nguvu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ni muhimu kujua upande gani wa tabo unavuja kabla ya kununua chochote.

Baada ya masikio, tumia macho. Injini ikiwa baridi kabisa, ondoa bati la kukinga joto, chukua tochi na kioo kidogo, kisha kagua maeneo matatu: kona zinazounganisha tawi moja na jingine, sehemu iliyo karibu na flenji ya tabo (uso unaofungiwa tabo), na kingo za matundu ya bolti. Tafuta mistari ya masizi meusi inayoanzia mahali pamoja na kutawanyika. Mahali penye joto kali zaidi masizi huungua yenyewe na kuacha alama ya kijivu au nyeupe, kwa hiyo usitafute weusi peke yake. Masizi yakionekana kwenye maungio kati ya manifoldi na hedi bila ufa wowote kwenye chuma, tatizo huenda ni gasketi (kizibo kilicho kati ya nyuso hizo) au stadi (bolti isiyo na kichwa) iliyokatika, na hiyo ni kazi nafuu zaidi.

Ikiwa macho hayatoshi, ziba mdomo wa bomba la moshi kwa matambara, ingiza hewa ya kompresa yenye shinikizo dogo, na mwagia manifoldi maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha mahali. Zingatia kwamba viungo vya kuteleza huweza kuvuja kidogo vikiwa baridi hata kwenye manifoldi nzima. Manifoldi ikishatolewa, njia ya zamani ya mafuta ya taa na chaki bado haijapitwa na wakati: isafishe kwa brashi ya waya, ipake mafuta ya taa upande mmoja, iache kwa muda, ifute ikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda juu na kuchora mstari kwenye chaki, hata kama ufa ni mwembamba kuliko unywele.

Ikiwa gari liko njiani

Ufa mdogo haulazimishi lori kulala porini. Dereva anaweza kuendelea taratibu hadi kwenye gereji, iwe Ipogolo, Mafinga, Makambako au Uyole, kwa masharti machache: atumie gia ndogo na asikanyage mafuta yote mlimani, asitumie breki ya ekzosi ikiwa breki nyingine na gia zinamtosha kwa usalama, na asimame mara kwa mara kuangalia kama moshi unaotoka unapiga nyaya, mipira ya maji au bomba la dizeli. Ikiwa unapiga bomba la dizeli, safari iishie hapo.

Jambo la hatari zaidi halionekani. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na manifoldi iko karibu na kabini. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Njombe na Makambako huwa na baridi kali, na wapo madereva wanaolala na utingo ndani ya kabini wakiacha injini ikiunguruma ili wapate joto. Gari lenye ufa lisilalwe ndani namna hiyo hata kwa saa moja. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kushuka mara moja na kuvuta hewa safi.

Kuifungua

Kazi hii huharibikia kwenye stadi, yaani bolti zisizo na kichwa zilizozama kwenye hedi. Zimepikwa kwa miaka na zimeshikana na chuma. Zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, zirudie asubuhi, na unapoanza kugeuza, kaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ulegeze. Nati inayogoma ipashwe moto, kisha iguswe na mshumaa ili nta iyeyuke na kupenya kwenye meno. Wako wanaocheka njia hii, lakini nimeona inafungua nati zilizokwisha kukatiwa tamaa. Legeza kuanzia pembeni kuelekea katikati. Stadi ikikatika na kubakiza ncha, chomelea nati juu ya ncha hiyo, na kabla haijapoa kabisa igeuze kwa spana. Ikikatikia ndani, toboa katikati yake kwa uangalifu, kwani drili ikihama itakula hedi, na hedi ni ghali kuliko manifoldi mara nyingi.

Ukishaitoa, usiitupe kabla hujaisoma. Ufa kwenye kona ya tawi, ikiwa sehemu nyingine za chuma zimebabuka kwa joto, huashiria dizeli iliyozidi au nozeli mbovu. Hapa kwetu sababu hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Pampu iliyoongezewa kipimo cha dizeli na fundi ili gari lipate nguvu huko pwani hupeleka dizeli isiyopata hewa ya kutosha huku juu. Ufa karibu na flenji ya tabo huelekeza kwenye breketi iliyovunjika au raba za injini zilizochoka, maana uzito wa tabo na bomba huwa unaning'inia kwenye manifoldi na kutikiswa njia nzima. Ufa unaoambatana na bolti za pembeni zilizokatika husema kwamba chuma kilinyimwa nafasi ya kurefuka. Na pale ambapo huoni mojawapo ya hayo, muulize dereva kama huosha injini ikiwa ya moto. Manifoldi inayomwagiwa maji baada ya mlima haina tofauti na chungu kilichotolewa motoni na kutumbukizwa mtoni.

Kuchomelea au kununua

Msimamo wangu ni kwamba manifoldi ya lori linalobeba mbao za Sao Hill au mchele wa Usangu kila wiki ibadilishwe. Kuchomelea kunafaa pale ambapo kipuri hakipatikani kwa wakati, na ni lazima kufanywe na anayejua chuma cha kusubu. Chuma hicho kina kaboni nyingi na hakivumilii joto la ghafla, hivyo fundi anayetumia vijiti vya kawaida vya chuma laini ataacha mstari mzuri wa kuchomelea na ufa mpya kando yake. Utaratibu ni kutoboa tundu la milimita tatu hivi kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kuchimba mfereji wa umbo la V kwa grainda, kuunguza masizi na mafuta yaliyopenya, kupasha kipande kizima polepole, kisha kuchomelea kwa vijiti vya nikeli vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu huku kila kipande kikigongwa taratibu kwa nyundo ndogo. Manifoldi iwe imefungwa kwenye bamba nene ili isijikunje, na baada ya kazi ifukiwe kwenye majivu makavu au chokaa hadi ipoe yenyewe. Shaba njano haifai hapa, kwa kuwa hupoteza nguvu katika joto la mlimani. Saruji ya ekzosi inayouzwa kwenye mikebe nayo haiwezi kuhimili shinikizo lililo kabla ya tabo.

Anayenunua ya mtumba aende na mafuta ya taa na chaki, na aigonge kwa spana kabla ya kulipa: iliyo nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio uliozibwa.

Kuifunga

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso za manifoldi na za hedi, upime mwanya kwa fila geji na kulinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Ikiwa imepinda, ipelekwe kwenye mashine isawazishwe. Kuivuta inyooke kwa nguvu ya bolti ni kuipasua upya. Safisha ndani yake mabaki yote ya kuchomelea na chembe za chuma, kwa sababu chembe moja ikifika kwenye mapezi ya tabo huyavunja. Tumia gasketi mpya na stadi mpya, paka meno yake grisi ya shaba inayovumilia joto, legeza na kusafisha viungo vya kuteleza, rudisha breketi zote pamoja na bati la kukinga joto, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu mbili au tatu, bila kuvuka kipimo cha mtengenezaji.

Washa injini, isikilize ikiwa baridi, iache ipate moto, kisha izime ipoe kabisa na uhakiki ukazaji, isipokuwa kama kitabu cha injini hiyo kinakataza kukaza mara ya pili. Uhakiki mwingine ufanyike gari likirudi kutoka safari ya kwanza yenye mlima na mzigo, na dereva aelekezwe kuiacha injini sailensa dakika tatu hadi tano kila anapomaliza kupanda, kabla ya kuizima.