Kununua gari yadi Dar es Salaam: ijue bei kabla hujaiuliza

Mnunuzi akiingia yadi na kuuliza "Bosi, bei ya mwisho ngapi?", muuzaji anatambua hapo hapo kwamba hajapiga hesabu. Bei ya gari lililotoka Japani ina mafungu mawili. La kwanza halipungui: ununuzi wa kule, meli, bima, kodi ya TRA na gharama za bandari. La pili ni faida ya mwenye yadi, na hilo ndilo mnalopatana. Kazi yako kubwa ni kujua fungu la kwanza linaishia wapi.

Hatua ya 1: Piga hesabu kama vile unaagiza mwenyewe

Ingia kwenye tovuti za wauzaji wa Japani, kama BE FORWARD au SBT Japan. Tafuta magari matano ya modeli, mwaka, injini na kilomita zinazokaribiana na za gari unalolitaka. Andika bei ya CIF Dar es Salaam, yaani bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima. Usichukue FOB, kwa sababu hiyo haina nauli wala bima. Liache lililo rahisi kupita kiasi na lililo ghali kupita kiasi, kisha tafuta wastani wa matatu yaliyobaki.

Halafu fungua kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, ujaze aina, modeli, mwaka, mafuta na ukubwa wa injini. TRA hukadiria kwa thamani iliyoipanga yenyewe, hata kama ankara yako ina bei ndogo zaidi. Wengi hukosea hapa: wanapiga asilimia juu ya bei ya tovuti, kisha gari likifika bandarini fedha hazitoshi.

Kinachouma zaidi ni umri. Chukua gari dogo la abiria lenye injini ya cc 1,500, ambalo TRA imelikadiria kwa thamani ya CIF ya dola 4,000. Ushuru wa forodha ni 25%, yaani dola 1,000, na jumla inakuwa 5,000. Juu ya hiyo 5,000 kuna ushuru wa bidhaa wa 5%, dola 250. Kama gari limezidi miaka 10, kuna 30% nyingine ya uchakavu, dola 1,500. Sasa piga VAT ya 18% juu ya 6,750 upate 1,215. Kodi ni dola 3,965, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na hapo bado tozo ndogo kama ya reli. Gari la thamani hiyo hiyo ambalo halijafika miaka 8 halina tozo ya uchakavu, hivyo kodi yake ni dola 2,195. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Julai, kwa hiyo takwimu ya kwenda nayo yadi ni ile ya kikokotoo siku hiyo.

Ongeza gharama za bandari, ada ya wakala wa forodha na usajili. Omba makadirio ya maandishi kwa mawakala wawili.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, na cheti cha kusafirisha gari kilichotolewa huko. Linganisha namba ya chesi na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi. Mwaka wa Kijapani usikutishe: H ikifuatiwa na namba, jumlisha 1988 (H22 ni 2010), R ikifuatiwa na namba, jumlisha 2018 (R1 ni 2019).

Kwenye karatasi ya mnada, alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. Kilomita za dashibodi zikiwa chache kuliko za karatasi, ondoka.

Hatua ya 3: Kagua injini ikiwa baridi

Nenda asubuhi na fundi wako, si wa kutafutiwa na yadi. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, gari limeshawashwa, na moshi wa bluu au mlio wa kugonga wakati injini inawaka huenda umeshapita. Swichi ikifunguliwa, taa ya eabegi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa kuficha tatizo. Endesha dakika 20, ukisikiliza kama gia inashtuka ukitoka R kwenda D.

Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi kuukuu, hata kama kashata zake bado nene, ni hoja ya bei. Kila kasoro iandike pamoja na gharama yake. Bei ya tairi iulize dukani kabla.

Hatua ya 4: Taja bei yako

Tuseme hesabu yako imefika milioni 22 na yadi inataka 27.5. Anza na 22.5, ukionyesha karatasi: "Kaka, kuagiza mwenyewe kunanifikisha hapa, na tairi nne hizi ni za kubadilisha." Kisha nyamaza. Ukianza kujieleza zaidi, utajipandishia bei mwenyewe. Kulipia gari linaloonekana, bila kungoja meli, kuna thamani yake. Milioni 24 hapo ni bei ya haki kwa wote wawili. Akikwama kwenye 24.5, acha kubishania fedha, omba tairi, betri na usajili viwe juu yake.

Uliza wazi: bei ni pamoja na namba? Dalali analipwa na nani? Yasiposemwa mapema, utayalipa wewe.

Hatua ya 5: Malipo

Advansi isitoke bila maandishi yanayosema itarudishwa lini na kwa sababu gani. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni inayouza. Kama gari lina namba tayari, angalia kwanza faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na panga nani atalipa ushuru wa stempu wa 1% wakati wa kubadilisha umiliki. Dai risiti ya EFD yenye kiasi kamili ulichotoa, kisha hakiki jina lako, TIN na namba ya chesi kwenye mkataba kabla hujatia sahihi.