Mafunzo ya usalama kwenye karakana ya seremala: anzeni na swichi

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili na mwenye karakana moja pale Keko, Dar es Salaam, aliyetaka kuwafundisha vijana wake sita kufanya kazi bila kuumia. Wana msumeno wa meza, mashine ya randa na ya kutoboa. Naeleza tulivyofanya, kwa yeyote mwenye karakana ya ukubwa huo.

1. Zunguka kwanza

Pita kila mashine pamoja na fundi wa siku nyingi, umuulize: nani amewahi kuumia hapa, na ilikuwaje? Andika majibu. Hayo ndiyo mtaala wako.

2. Sera ya ukurasa mmoja

Usinakili sera ya kiwanda kikubwa. Andika kwa Kiswahili cha karakanani, mwenye mali asaini, ibandikwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama. Mchague anayeweza kumwambia bosi "hapana".

Sentensi moja isikosekane: fundi yeyote akiona mashine si salama anaruhusiwa kuisimamisha, na hatakatwa hela kwa muda huo. Vijana wengi hulipwa kwa kipande; bila sentensi hiyo wataendelea kukata hata gadi, yaani kinga ya bledi, ikiwa imevunjika.

3. Kuzima na kufunga

Hapa ndipo tulipomaliza karibu siku nzima, na mimi mwenyewe nilijifunza kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwenye karakana niliyokuwa nikifanya kazi, umeme ulikatika randa ikiwa imekwama kwa maranda. Mwenzangu akaingiza mkono kuyatoa. Hakugusa swichi, maana mashine ilikuwa imeshasimama. Umeme ukarudi. Alipoteza vidole viwili.

Kwa hiyo kumwambia mtu "zima kabla ya kusafisha" hakutoshi, kwa sababu umeme ukikatika anaona kama imeshazimwa. Fundisheni hivi: umeme ukikatika, kazi ya kwanza ni kuzima swichi ya mashine yako, hata kama hukusudii kuigusa.

Kisha angalia swichi yenyewe. Ile ya kupandisha na kushusha, kama ya taa, hubaki imewashwa umeme ukikatika, na ukirudi mashine inaanza yenyewe. Mwite fundi umeme aweke swichi ya vitufe yenye kontakta: umeme ukikatika inajiachia, na mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hiyo kabla ya kofia ngumu na mabango.

Lakini kontakta haimzuii mwenzako kubonyeza ukiwa umeinama kubadilisha bledi. Hapo inahitajika kufuli. Mashine ya plagi ni rahisi: chomoa, weka plagi ndani ya kopo lenye kifuniko cha kufungwa, piga kufuli. Mashine ya umeme wa njia tatu iliyoungwa moja kwa moja ukutani inahitaji swichi ya kukatia umeme yenye tundu la kufuli. Kutoa fyuzi peke yake sikukubali. Nimeona mtu akirudishia waya mahali pake ndani ya dakika moja.

Kila fundi awe na kufuli lake na ufunguo mmoja, uwe mfukoni mwake. Watu wawili wakitengeneza mashine moja, makufuli mawili. Mwenye ufunguo akiondoka nao, apigiwe simu kwanza, mashine ikaguliwe kama hakuna mtu, ndipo kufuli likatwe. Mkiwa na jenereta, hakikisheni swichi mliyofunga inakata umeme wa pande zote mbili.

Baada ya kufunga, bonyeza cha kuwashia. Ikinyamaza, subiri tena: visu vya randa na bledi huendelea kuzunguka umeme ukiwa umeshakatwa. Ndipo uingize mkono.

4. Msumeno wa meza

Gadi ibaki, kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, na glovu zivuliwe. Najua wengi hudhani glovu zinalinda. Penye bledi inayozunguka, zinanaswa na kuvuta mkono mzima.

5. Vumbi

Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tumia N95, barakoa inayochuja vumbi laini. Msipulizie nguo kwa kompresa.

6. Mazoezi

Usikodi projekta. Kila mmoja afunge na kufungua mashine mbele yako, asaini daftari. Mgeni afanye hivyo siku ya kwanza, kabla hajashika ubao. Hakikisha pia umejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Baada ya wiki mbili, mwenye karakana alizima meni swichi bila kutangaza, akichagua wakati ambao hakuna ubao kwenye visu. Vijana watatu walikuwa mashineni. Wawili walizima swichi zao papo hapo. Wa tatu alikuwa tayari anachokonoa maranda kwa kijiti. Jioni ileile tulirudi naye kwenye randa, akarudia mara tano.