Dawa ya Kichefuchefu Baada ya Upasuaji: Mambo ya Kuangalia Unapomuuguza Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa busha, wa ngiri au wa kujifungua mara nyingi huruhusiwa akiwa na bahasha mbili tatu za vidonge. Mojawapo huwa ya maumivu makali, kama tramado, na nyingine ya kuzuia kutapika, kwa kuwa dawa za jamii ya mofini, pethidini na tramado huchochea kichefuchefu kutoka kwenye ubongo na huku zikiulegeza mwendo wa utumbo. Wauguzaji wengi huiogopa dawa ya maumivu na kuiona hii ya pili kuwa nyepesi. Nimekaa wodini miaka mingi huku Mtwara, na siwezi kukubaliana nao.

Kabla ya kutoka hospitalini, hakikisha kila bahasha imeandikwa jina la dawa na siku ya kuacha. Bahasha iliyoandikwa "1x3" peke yake irudishe dirishani, kwa sababu siku mambo yakiharibika hakuna atakayejua mgonjwa alimeza nini.

Kati ya dawa hizi za kuzuia kutapika, metoklopramidi, ambayo wengi huiita Plasil, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa vijana. Siwezi kumsahau binti mmoja aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji siku mbili nyuma. Aliletwa alfajiri shingo imepinda kushoto, macho yametazama darini, taya limekaza na ulimi umetokeza kidogo. Lakini nilipomwita jina alinifinya kidole, maana akili yake ilikuwa timamu kabisa. Usiku kucha ndugu zake walikuwa wakimsomea, wakiamini amepandwa na mashetani. Daktari aliagiza sindano ya promethazini, na haikupita saa moja shingo ikarudi. Sisemi dua iachwe. Nasema isomwe mkiwa njiani kuelekea hospitalini, kwani kukakamaa kwa mwili kunaweza pia kuwa pepopunda au, kwa mzazi, kifafa cha mimba, na hayo hayasubiri kupambazuke. Dawa hiyo hiyo humfanya mwingine ashindwe kutulia, akaa, asimama, atembea, na watu wa nyumbani hudhani ni kidonda kinamuuma wakamwongezea dawa ya maumivu. Mtu mzima hatakiwi kuitumia zaidi ya siku 5 mfululizo.

Ondansetroni, nyingine ya kuzuia kutapika, kwa kawaida haina shida hiyo ya kukakamaa na kutotulia, ila huleta maumivu ya kichwa na kufunga choo, na ikikutana na tramado choo hufunga zaidi. Mpe maji ya kutosha na papai, na umtembeze taratibu uani kama daktari ameruhusu. Inaweza pia kupunguza nguvu ya tramado, hivyo maumivu yakizidi mweleze daktari badala ya kuongeza vidonge kwa uamuzi wako, na mjulishe mapema kama mgonjwa ana ugonjwa wa moyo au amewahi kuzimia. Tumbo likivimba, mgonjwa asipotoa upepo na huku anatapika, usimpe dawa yoyote ya kuzuia kutapika: huenda utumbo umeziba, na hapo ni kurudi hospitalini.

Promethazini, ambayo nayo hutolewa kuzuia kutapika, huleta usingizi, na ikichanganyika na dawa kali ya maumivu usingizi huo unaweza kuizidi nguvu pumzi. Kaa karibu naye umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima. Zikiwa chini ya 10, au midomo ikibadilika rangi, au asipoamka ukimtikisa, usimpe kidonge kingine, mlaze ubavu na mkimbize hospitalini. Pombe ya aina yoyote ni hatari kwake, na msimu wa mabibo ninalazimika kutaja uraka, pombe ya mabibo hayo, kwa jina, maana wapo wasiouhesabu kuwa pombe. Mzee aliyetolewa busha aulizwe pia kama anakojoa vizuri, kwa kuwa dawa hii inaweza kuuzuia mkojo, na wazee wetu huona haya kusema mpaka kibofu kimejaa.

Anayekaa mbali, vijijini Tandahimba au Liwale, apange usafiri wa dharura siku ile ile mgonjwa anaporudi nyumbani, na akilazimika kumrudisha hospitalini abebe bahasha zote, hata zilizokwisha.