Kuunganisha maktaba ya tepu na Bacula kwenye seva ya Debian

Bacula ni programu ya kuhifadhi nakala rudufu; maktaba ya tepu ni kabati lenye draivu na roboti inayobadilisha tepu. Tuchukue maktaba ndogo: draivu moja ya LTO-8 (kizazi cha nane cha tepu za LTO), nafasi 24 za tepu, kebo ya SAS (aina ya kiunganishi cha diski na tepu). Kebo iingie kwenye kadi ya kawaida ya SAS. Kadi nyingi za RAID (za kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja) hazipitishi draivu ya tepu hadi kwenye mfumo, hivyo usipoteze muda nazo.

Sakinisha `lsscsi` (huorodhesha vifaa) na `mtx` (huongoza roboti), kisha andika `lsscsi -g`. Unatafuta mistari miwili: `tape` ndiyo draivu, `mediumx` ndiyo roboti. Draivu ikionekana peke yake, kagua LUN, yaani namba ya kifaa kidogo ndani ya kifaa kimoja. Katika maktaba nyingi ndogo roboti hukaa LUN 1 ya draivu hiyohiyo, na kadi inayoishia LUN 0 haitaiona.

Namba kama `/dev/sg3` zinaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Tumia majina ya kudumu yaliyomo `/dev/tape/by-id/`; la draivu liwe linaloishia na `-nst`. Lisilo na `-nst` hurudisha tepu mwanzo kila kifaa kinapofungwa, na hapo nakala ya jana iko hatarini kuandikwa juu.

Kwenye `bacula-sd.conf`, mipangilio ya huduma inayoendesha tepu (weka majina yako penye ROBOTI na DRAIVU):

```
Autochanger {
  Name = Maktaba
  Device = Draivu0
  Changer Device = /dev/tape/by-id/scsi-ROBOTI
  Changer Command = "/etc/bacula/scripts/mtx-changer %c %o %S %a %d"
}
Device {
  Name = Draivu0
  Drive Index = 0
  Media Type = LTO-8
  Archive Device = /dev/tape/by-id/scsi-DRAIVU-nst
  Autochanger = yes
  Automatic Mount = yes
  Spool Directory = /var/spool/bacula
  Maximum Spool Size = 200G
}
```

`Media Type` ifanane herufi kwa herufi na ile ya `bacula-dir.conf` (mipangilio ya huduma inayopanga kazi zote), ambako pia unaweka `Autochanger = yes`. Kisha jaribu `mtx -f … status` (penye nukta weka jina la roboti) kama mtumiaji `bacula`, si root. Ikikataa, mwingize kwenye kundi la `tape`.

Simamisha huduma ya `bacula-sd`, weka tepu tupu (jaribio hili hufuta), uendeshe `btape`, programu ya Bacula ya kujaribu draivu, na amri ya `test`. Likifaulu, washa huduma na uandike lebo ndani ya `bconsole`, dirisha la amri la Bacula (`Scratch` ni kundi la tepu zinazosubiri kutumika):

`label barcodes storage=Maktaba pool=Scratch slots=1-23`

Nafasi ya 24 iachie tepu ya kusafishia, ambayo msimbopau wake huanza na CLN. Kila ukiingiza au kutoa tepu, andika `update slots`, la sivyo Bacula itaomba tepu iliyokwisha kuondoka.

Linaloharibu tepu nyingi ni mwendo. LTO-8 humeza takriban MB 360 kwa sekunde bila mgandamizo, ilhali mtandao wa gigabiti 1 hauleti zaidi ya 115 hivi. Data ikikawia, tepu husimama, hurudi nyuma, huanza tena. Utepe na kichwa vyote vinalika. Ndiyo sababu ya ile `Spool Directory`, saraka ambako data hukusanywa kwanza kisha humiminwa kwenye tepu kwa mkupuo: iweke kwenye SSD, na `Spool Data = yes` kwenye kila kazi. Diski moja ya kuzunguka haitoshi kuilisha draivu hii.

Wenye LTO-9 wana kazi ya ziada. Tepu mpya hujipima mara ya kwanza inapopakiwa, hata kwa saa 2, na Bacula kwa kawaida humsubiri roboti dakika 5 tu. Pakia kila tepu mpya kwa `mtx load` kabla ya kuiandikia lebo.