Maumivu sugu ya nyayo na visigino: jinsi ya kufika kliniki ya mifupa kwa njia ya rufaa

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mtu ambaye kisigino au unyayo umemsumbua kwa miezi, ameshamaliza mirija kadhaa ya dawa ya kuchua, na sasa anataka kutibiwa hospitali ya serikali. Watu wengi hukimbilia hospitali kubwa moja kwa moja, wakashinda foleni kutwa nzima na kurudishwa: "Barua ya rufaa iko wapi?" Anza chini. Zahanati au kituo cha afya cha karibu ndiko barua hiyo inakoanzia safari yake.

Usifuate ngazi hizi kama una kisukari na umeota kidonda mguuni, mguu umekuwa wa baridi na kubadilika rangi ghafla, umevimba na una homa, au umeanguka na huwezi kuukanyagia. Hiyo ni dharura. Nenda hospitali yoyote yenye huduma za dharura, mambo ya rufaa yatafuata baadaye.

Kabla hujatoka nyumbani

Kiswahili chetu kina neno moja, mguu, kuanzia nyonga hadi kwenye kucha. Mama yangu mdogo aliwahi kumwambia daktari "mguu unaniuma", akatoka na eksirei ya goti. Goti lilikuwa zima. Kilichokuwa kinamuuma ni kisigino. Pesa imekwenda, siku imeisha. Kwa hiyo vua kiatu na uguse kwa kidole: hapa. Sema ni kisigino, unyayo, kifundo au dole gumba.

Kisha eleza maumivu yanakuja lini, maana hapo ndipo daktari anapata nusu ya jibu. Kisigino kinachochoma kwa hatua za kwanza za asubuhi na kulegea ukishatembea kidogo, mara nyingi ni utando wa chini ya unyayo uliovutika. Nyayo zote mbili kuwaka moto au kufa ganzi, hasa usiku, huwafanya madaktari wafikirie kisukari. Dole gumba likivimba ghafla, likawa jekundu hata shuka likigusa unaruka, watafikiria gauti, ugonjwa wa viungo. Na kama una baka kwenye ngozi lisilosikia ukilichoma kwa ncha ya kalamu, lionyeshe bila aibu; ukoma bado upo na dawa zake hutolewa bure.

Andika mambo haya kwenye karatasi: yameanza mwezi gani, umetumia dawa gani, kazi yako ni ya kusimama au kukaa. Taja hata vidonge vya maumivu vya diklofenaki unavyonunua duka la dawa. Vikinywewa kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, na daktari akiwa hajui anaweza kukuandikia hivyohivyo tena.

Beba kitambulisho cha NIDA au namba yake, kadi ya bima kama unayo, vyeti vya zamani, na viatu unavyovaa kila siku. Ndiyo, hata ndala. Soli iliyolika upande wa ndani inaeleza namna unavyokanyaga.

Zahanati au kituo cha afya

Wahi asubuhi, na ukiweza nenda hujala, kwa sababu sukari ya kabla ya kula ndiyo inayosomeka vizuri. Mashine ikionyesha 7 au zaidi, kipimo hurudiwa kabla ya kuambiwa una kisukari. Mapokezi watakufungulia faili. Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi ya bima. Herufi moja ikipotea itakusumbua hadi mwisho.

Usitegemee rufaa siku hiyo hiyo, wala usigombe. Kwa kawaida utapewa dawa na maelekezo ya kujaribu kwa wiki kadhaa. Yafuate kweli, halafu rudi tarehe uliyopangiwa hata kama hujapona, hasa kama hujapona. Kurudi huko kunaandikwa kwenye faili, na maandishi hayo ndiyo yanayoipa rufaa yako nguvu. Anayekwenda mara moja akapotea miezi mitatu huonekana mgonjwa mpya kila mara.

Unaporudi, sema waziwazi: "Daktari, nimetumia hivi kwa wiki kadhaa, bado siwezi kukanyaga asubuhi. Naomba rufaa."

Barua ya rufaa

Isome kabla hujaondoka dirishani. Iwe na jina lako sahihi, tatizo linalodhaniwa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa ulizotumia, sababu ya kukupeleka mbele, saini na muhuri. Muhuri ndio husahaulika. Piga picha ya barua kwa simu, na uulize kliniki ya mifupa ya huko unakopelekwa ni siku gani, kwa sababu hospitali nyingi haziifanyi kila siku.

Ngazi inayofuata ni hospitali ya wilaya, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Amana, Temeke au Mwananyamala kwa watu wa Dar es Salaam, Sekou Toure kwa Mwanza, Mount Meru kwa Arusha. Juu yake kuna hospitali za kanda: Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Mbeya, Benjamin Mkapa ya Dodoma. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa 1996, iko kileleni, na wengi wenye maumivu ya kisigino hawana haja ya kufika huko. Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Tiba kubwa ya utando wa unyayo ni mazoezi ya kuunyoosha, viatu vyenye kisigino laini na subira ya miezi, na mtaalamu wa fiziotherapia wa mkoa anaweza kukufundisha hayo. Muulize pia kuhusu soli maalumu za kuwekwa ndani ya kiatu.

Malipo

Mwenye bima apeleke kadi kwenye dirisha la bima kabla ya kumwona daktari, siyo baada, na aulize kama kipimo alichoandikiwa kinalipiwa. Dawa ikikosekana hospitalini, mwenye NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aombe fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lililosajiliwa na mfuko badala ya kutoa pesa mfukoni.

Asiye na bima hupewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, akalipa kwa simu au kwa wakala. Pesa taslimu mkononi mwa mtu usitoe. Tunza risiti zote.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure. Aanze kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji kuchukua barua ya utambulisho, kisha aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Asisubiri bili ije ndipo aitafute ofisi hiyo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee pia. Ulizia, maana mara nyingine kibandiko chake kimebanduka.

Ukikwama, usirudi nyumbani na hasira zako. Omba kumwona mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali hiyo, au tafuta namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani, ukiwa na namba ya faili mkononi.

Baada ya kliniki ya kwanza

Utapewa tarehe ya kurudi kwenye kadi ya kliniki. Ukiikosa kwa msiba au safari, usianze upya zahanati. Nenda siku ya kliniki inayofuata na kadi ileile, ukaeleze mapokezi. Na viatu vyako vya kila siku vibebe tena.